Mifuko Mitatu ya Bayocha Niliyonunua Arusha: Ipi Inafaa kwa Kazi Gani

Mkulima wa bustani anayetafuta bayocha mjini Arusha anaweza kukutana na mifuko ya aina tatu: wa magunzi ya mahindi yaliyochomwa kwenye tanuri la koni, wa maganda ya mpunga, na wa tatu ambao hauna maelezo yoyote isipokuwa neno lenyewe na picha ya jani la kijani. Nimeitumia yote kwenye matuta ya mboga, kitaluni na kwenye mashimo ya migomba. Hukumu yangu naitoa mapema kwa ajili ya msomaji mwenye haraka: wa kwanza unastahili bei yake ikiwa udongo wako una asidi, wa pili ni mzuri kwa kitalu na una thamani ndogo kwingineko, na wa tatu sitaununua tena.

Hukumu hiyo inahitaji maelezo, kwa sababu mifuko yote mitatu inauzwa kwa jina moja na kwa ahadi zilezile. Bayocha ni mkaa unaotokana na mabaki ya mimea au ya wanyama yaliyopashwa joto kali penye oksijeni kidogo, kwa nia ya kutiwa udongoni au kutumiwa kusafisha maji na hewa, na si kwa kupikia. Tabia zake hupatikana ndani ya tanuri. Malighafi iliyotiwa, joto lililofikiwa, muda ambao mali ilikaa kwenye joto hilo na namna moto ulivyozimwa ndivyo vinavyoamua kama mkaa huo utapunguza asidi, utashika maji, utanasa sumu, utakaa ardhini kwa karne kadhaa, au hautafanya lolote kati ya hayo. Wauzaji wetu huandika uzito na namba ya simu. Joto la tanuri hakuna aliyeliandika, na hilo ndilo lalamiko langu kubwa kwa wote watatu.

Mfuko wa magunzi hutengenezwa na kikundi cha wakulima kwenye miteremko ya Meru, nami nilikwenda kuona wanavyochoma, jambo ambalo namshauri kila mnunuzi alifanye akipata nafasi. Tanuri lao ni la bati nene lenye umbo la koni iliyogeuzwa, mdomo wake ukiwa juu na wazi kabisa. Muundo huo hujulikana kwa jina la Kon-Tiki, na ulibuniwa mwaka 2014 na Hans-Peter Schmidt wa Taasisi ya Ithaka ya Uswisi akishirikiana na Paul Taylor. Michoro yake iliachwa wazi kwa watu wote, hivyo fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kuunda lake. Moto huwashwa chini kabisa, kisha magunzi makavu humwagwa kwa tabaka jembamba. Tabaka hilo linapoanza kupata majivu meupe usoni, mchomaji hutandaza jingine, na huendelea hivyo mpaka tanuri lijae.

Anayeona tanuri lililo wazi hudhani kwamba mali yote itaungua na kuwa majivu, lakini mambo ni kinyume chake. Miali inayowaka juu hula oksijeni kabla haijaufikia mkaa ulioko chini, na wakati huohuo huunguza gesi zinazotoka kwenye magunzi mapya. Kwa hiyo tanuri hili, likilishwa mali kavu, hutoa moshi mdogo kuliko tanuri la udongo la wachoma mkaa, ambalo hufukiza kwa siku kadhaa na kuachia hewani methani, gesi inayoongeza joto la dunia. Nasisitiza neno kavu. Siku niliyokuwapo kulikuwa na rundo la magunzi yaliyonyeshewa, na walipotia machache moshi mzito ulipanda papo hapo, miali ikadhoofika, na mchomaji akayatoa kwa reki na kuyaweka kando yakauke.

Joto ndani ya tanuri la namna hii hufikia nyuzi 680 hadi 750 za Selsiasi. Mchomaji, kijana mwenye glovu ndefu za ngozi, aliokota gunzi lililokwisha kuzimwa akaliangusha juu ya jiwe, nalo likalia kama kigae. “Likilia hivi, mzee, limeiva,” aliniambia. “Lisipolia tunalirudisha motoni.” Nililivunja gunzi hilo katikati, na vijitundu vyake vyote vilikuwa vimebaki wazi, kuta zake nyembamba zikimetameta. Nilinawa mikono kwa maji matupu, bila sabuni, na weusi ukatoka wote. Hicho ni kipimo kizuri cha shambani: mkaa ulioiva hauna lami, kwa hiyo haushikamani na ngozi.

Ni nini hasa hutokea kwenye joto hilo? Joto linapopanda, haidrojeni na oksijeni huondoka, na kaboni inayobaki hujipanga katika pete zilizoshikamana kwa nguvu, ambazo vijidudu vya udongo hushindwa kuzivunja kwa urahisi. Ndiyo maana viwango vya kimataifa, vikiwamo vya Shirika la Kimataifa la Bayocha na vya Cheti cha Bayocha cha Ulaya, hupima uwiano wa atomu za haidrojeni kwa atomu za kaboni ya asili ya viumbe, na kudai usizidi 0.7; ukishuka chini ya 0.4, mkaa huhesabiwa kuwa wa kudumu sana. Pamoja na hayo, matundu madogo huongezeka na kuupa mkaa uso mpana wa ndani. Majivu nayo hukolea, kwa kuwa madini hayapotei kwa kasi ile ya kaboni, na kwa sababu hiyo pH hupanda, yaani kile kipimo ambacho chini ya 7 ni asidi na juu yake ni magadi. Niliposaga kipande cha gunzi na kukiloweka kwenye maji ya mvua, karatasi ya kupimia ilionyesha 10 hivi.

Namba hiyo ndiyo nguvu ya mfuko huu, na ndiyo hatari yake pia. Kwenye shamba langu la juu, lenye udongo mwekundu wa asidi ambao umelimwa miaka mingi bila kurudishiwa kitu, mchicha na kabichi vilionyesha tofauti inayoonekana kwa macho baina ya tuta lililotiwa mkaa pamoja na samadi na lile lililotiwa samadi peke yake. Matokeo hayo yanakubaliana na uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017, ambao ulikuta kwamba bayocha huongeza mavuno kwa wastani wa asilimia 25 katika nchi za tropiki, ilhali katika nchi za baridi wastani wake ni kama hakuna badiliko. Watafiti walieleza sababu bila kuzungusha: udongo wa kwetu mara nyingi una asidi na umepungukiwa na rutuba, na mkaa huu hufanya kazi ya chokaa pamoja na kuongeza madini kidogo. Hauna muujiza mwingine wa kutafuta hapo.

Sasa mchukue mkulima wa tambarare za chini, ambako udongo una magadi na pH yake tayari iko juu. Akitia mkaa huohuo atauongezea udongo wake ugonjwa ulio nao, na madini kama chuma na zinki yatazidi kuwa magumu kwa mimea kuyapata. Yeye angefaa kutafuta mkaa wa joto la chini zaidi, baina ya nyuzi 350 na 450, ambao pH yake huwa chini zaidi na ambao uso wake bado umebakiwa na viungo vya oksijeni vinavyosaidia kushika virutubisho. Kikundi hiki kinauambia umma kwamba bidhaa yao inafaa udongo wote. Haifai udongo wote, na ingekuwa heshima kwa wanunuzi wao kuliandika hilo kwenye mfuko.

Jambo jingine la kujua kabla ya kulipa ni kwamba joto la nyuzi 700 hufukuza sehemu kubwa ya naitrojeni iliyokuwamo kwenye magunzi. Vilevile moto huzimwa kwa maji mengi, na maji hayo huondoka na sehemu ya potasiamu iliyokuwa kwenye majivu. Nilipendekeza maji yanayotiririka yakusanywe kwenye beseni na kumwagiliwa migomba, nao walilipokea wazo hilo vizuri. Faida ya kuzima kwa maji ni usalama: mkaa uliozimwa nusu unaweza kuwaka tena ukiwa ndani ya gunia, hata ghalani.

Mfuko wa pili ni wa maganda ya mpunga, na hutoka kwenye eneo la mashine za kukoboa, ambako maganda hujaa mpaka hayana pa kutupwa. Mama anayeuuza alinieleza kwa uvumilivu jinsi wanavyofanya. Pipa lililotobolewa matundu na kutiwa bomba la moshi huwekwa juu ya moto mdogo, maganda hurundikwa kulizunguka, kisha weusi huanza kuenea kutoka ndani kwenda nje. Nilimwuliza: “Na mkichelewa kulizima, mama?” Akajibu: “Linakuwa jeupe, mwanangu. Hapo ni majivu, tunayatupa.” Jibu hilo ni la kweli na linaonyesha udhaifu wa njia yenyewe. Ndani ya rundo moja, maganda yaliyo karibu na pipa huweza kugeuka majivu huku ya pembeni yakiwa bado ya kahawia. Kwenye mfuko wangu niliyaona yote matatu: meusi mengi, ya kijivu kiasi, na machache yaliyokuwa hayajaiva.

Maganda ya mpunga yana silika nyingi mno, madini yaleyale yaliyomo kwenye mchanga. Takriban sehemu moja ya tano ya uzito wake ni majivu hata kabla ya kuchomwa, na sehemu kubwa ya majivu hayo ni silika, kwa hiyo mkaa wake huwa na kaboni chache kuliko wa kuni au wa magunzi. Hata hivyo una sifa zake. Ni mwepesi, hauna haja ya kusagwa, na unachanganyika vizuri na udongo wa kitalu. Miche yangu ya nyanya iliota mizizi mingi kwenye mchanganyiko wake na mboji, na kuing'oa wakati wa kuhamisha kulikuwa rahisi. Kwa kazi ya kitalu ningeununua tena bila kusita, hasa kwa kuwa bei yake ni karibu nusu ya ule wa magunzi.

Tahadhari ni moja, nayo ni ya afya. Joto likipita sana nyuzi 700, silika iliyomo huanza kugeuka fuwele, na vumbi la silika ya fuwele huharibu mapafu. Mkaa wa maganda hutoa vumbi jingi kuliko aina nyingine, kwa hiyo mfuko ufunguliwe nje, unyunyiziwe maji kabla ya kumwagwa, na mtu afunge kitambaa puani. Niliwaona watoto wakicheza juu ya rundo lililopoa, nikamwomba mama awaondoe, naye akafanya hivyo mara moja.

Kuhusu mfuko wa tatu sina mengi mazuri ya kusema. Muuzaji hakuweza kueleza ulichomwa wapi wala kwa kitu gani. Nilipoumwaga nilikuta chenga za mkaa wa kupikia, zile zinazobaki chini ya magunia, zikiwa zimechanganyika na udongo na vijiti. Vipande kadhaa vilikuwa na harufu ya moshi mbichi, viliacha utelezi mweusi vidoleni ambao haukutoka bila sabuni, na vilipotiwa kwenye ndoo ya maji vilielea huku matone yakiteleza juu yake bila kupenya. Hizo ni dalili za mkaa uliopata joto dogo au joto lisilolingana: lami na mafuta yake hayajaondoka, na uso wake unasukuma maji. Mtu ananunua bayocha ili udongo ushike unyevu, halafu anauziwa kitu kinachokataa maji.

Kasoro hiyo haiishii kwenye maji. Lami ya namna hiyo huweza kubeba kemikali za kundi la PAH, baadhi yake zikiwa zinasababisha saratani, na ndiyo sababu viwango vya Ulaya huweka kikomo chake kwa mkaa unaotiwa mashambani. Isitoshe, chenga za mkaa wa kupikia mara nyingi hutokana na miti ya asili iliyokatwa porini. Kuzitumia chenga zenyewe si kosa, maana zingetupwa, lakini kuziuza kwa picha ya jani la kijani na kwa bei iliyokaribia ya magunzi ni kumdanganya mkulima na kumdhulumu.

Wauzaji wawili kati ya watatu waliniambia pia kwamba mifuko yao inapunguza hewa ya ukaa. Dai hilo linaweza kupimwa. Jopo la serikali mbalimbali kuhusu mabadiliko ya tabianchi, IPCC, lilitoa mwaka 2019 njia ya kukadiria kaboni inayobaki baada ya miaka 100 kufuatana na joto la tanuri: asilimia 89 kwa mkaa uliochomwa zaidi ya nyuzi 600, asilimia 80 kwa nyuzi 450 hadi 600, na asilimia 65 kwa nyuzi 350 hadi 450. Malighafi nayo ina hesabu yake, kwani mkaa wa miti hukadiriwa kuwa na kaboni asilimia 77, wa mimea ya jamii ya majani asilimia 65, na wa maganda au mabua ya mpunga asilimia 49. Kwa makadirio hayo, tani moja ya mkaa wa magunzi, tukiyaweka kwenye kundi hilo la majani, iliyochomwa kwa nyuzi 700 huhifadhi kaboni inayolingana na takriban tani 2.1 za kaboni dioksidi, wakati tani moja ya mkaa wa maganda ya mpunga uliochomwa kwa joto la kati huhifadhi takriban tani 1.4. Kutokana na kiasi hicho inabidi kutoa methani iliyotoroka wakati wa kuchoma, na hapo ndipo magunzi mabichi yanapogharimu. Kwa hiyo mfuko wa magunzi na wa maganda vyote vina haki ya kudai kitu, lakini si kitu kilekile, na asiyejua joto la tanuri lake hana namba ya kumwonyesha mtu.

Dai lililonisumbua kuliko yote ni lile lililoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya mfuko wa tatu: “husafisha maji ya kunywa”. Katika mkoa huu maneno hayo ni mazito. Maji ya maeneo mengi kuzunguka Meru yana floraidi inayozidi kwa mbali kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia pamoja na mifupa iliyopinda ni mambo tunayoyaona kwa watoto wetu. Mkaa wa mimea una uso wenye chaji hasi, na floraidi nayo ni hasi, kwa hiyo uwezo wake wa kuinasa ni mdogo sana. Kinachofanya kazi hiyo ni mkaa wa mifupa, ambao sehemu yake kubwa ni madini ya kalsiamu na fosfati yanayobadilishana na floraidi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapahapa Arumeru, kimeufanyia kazi mkaa huo kwa miaka mingi, na kwa upande wa Kenya kazi kama hiyo imefanywa na mradi wa maji wa Dayosisi Katoliki ya Nakuru.

Mkaa wa mifupa unaonyesha nguvu ya tanuri kuliko kitu kingine chochote ninachokijua. Joto likiwa dogo, mafuta na nyama hubaki ndani ya mfupa, na maji hutoka na harufu na ladha isiyovumilika. Joto likiwa kati ya nyuzi 400 na 500 hivi, oksijeni ikidhibitiwa, hupatikana mkaa mweusi au wa kijivu wenye uwezo mkubwa. Joto likizidi sana, mfupa hugeuka mweupe, matundu yake hufungana, na uwezo wa kunasa floraidi huporomoka. Mfupa ni uleule na ng'ombe ni yuleyule, lakini chujio moja linamlinda mtoto na jingine halimlindi. Wapo pia wanaouliza mfupa umetoka kwa mnyama gani, kwa sababu za dini, na muuzaji mwaminifu anapaswa kuwa na jibu. Basi anayehitaji maji salama asinunue mfuko wowote kati ya hii mitatu. Anunue chujio la mkaa wa mifupa lililopimwa, na ayarudishe maji yake maabara kila baada ya muda, kwa kuwa mkaa huo hujaa na kuacha kufanya kazi bila kuonyesha dalili yoyote kwa macho wala kwa ulimi.

Kwa watakaochukua magunzi au maganda kwa ajili ya shamba, ushauri wa matumizi ni huu. Mkaa mpya usitiwe mtupu. Una njaa ya virutubisho, na katika majuma ya mwanzo unaweza kunasa naitrojeni ambayo mmea ungeitumia, kisha majani yakawa ya njano. Uchanganywe na samadi au mboji, au ulowekwe kwenye mkojo wa ng'ombe uliopunguzwa kwa maji, uachwe kwa majuma kadhaa, ndipo upelekwe shambani. Usitawanywe shamba zima ikiwa ni mchache. Uwekwe kwenye mashimo ya kupandia na kwenye mistari, mahali ambapo mizizi itaufikia. Udongo upimwe pH kwanza. Bwana shamba au bibi shamba wa kata anaweza kusaidia katika hilo, na ukikuta udongo wako umepita 7, acha mfuko wa magunzi dukani.

Kikundi cha Meru kimesema kitaanza kuandika kwenye mifuko yake malighafi, joto la tanuri na pH. Mama wa maganda alisema angefanya vilevile kama angekuwa na kipimajoto cha kuingiza kwenye rundo, na kwa kuwa wateja wake wengi ni wenye vitalu, ningependa wamchangie. Muuzaji wa mfuko wa tatu nilimrudishia mali yake, akanipa nusu ya fedha.